Kikundi cha kusoma Biblia Leipzig: nakujibu bila kificho

Mdogo wangu, umeuliza mambo mawili: kama ni kweli Wajerumani wamemwacha Mungu, na kama ukifika huku Leipzig Oktoba utaweza kuanzisha kikundi cha kusoma Biblia hosteli kama kile cha usharika wetu Moshi. Kikundi utaweza. Kama kile cha Moshi, sahau.

Sisi Walutheri wa KKKT Kilimanjaro tunaujua mji huu tangu utotoni, maana wamisionari wa Leipzig ndio waliofika kwetu mwaka 1893. Ukija ukidhani utakuta walokole kila kona, utashangaa. Leipzig ilikuwa Ujerumani Mashariki, chini ya wakomunisti, kuanzia 1949 hadi 1990. Kanisa la chuo kikuu, la tangu enzi za kati, walililipua Mei 30, 1968. Vijana wa miaka 14, badala ya kipaimara, wakawekewa sherehe ya serikali. Kwa hiyo wengi utakaosoma nao hawajamwacha Mungu. Hawakumkuta nyumbani, na pengine hata bibi zao hawakumkuta. Ni kama wewe na kriketi: huichukii, haikuwepo tu kwenu. Na huyohuyo asiyeamini atakupeleka kwa fahari Nikolaikirche, kanisa ambalo sala zake za Jumatatu zilizaa maandamano ya 1989 dhidi ya wakomunisti hao.

Sasa kikundi. Sisi tunakutana Alhamisi, jiko la pamoja, na nikwambie ukweli: walionitoa jasho ni Wakristo wenzetu. Kulikuwa na Msabato aliyetaka kila somo liishie kwenye Jumamosi. Mlokole wa Nairobi alitaka tukemee mapepo kabla hata ya kufungua kitabu. Mkatoliki wa Bukavu ana Biblia ya vitabu 73, dada wa Ethiopia ya kwao ina 81, akawa anatutazama sisi wa 66 kwa huruma. Mwishowe nikasema hapa tunasoma, hatuhubiriani. Tukimaliza, anayetaka kuomba anabaki, asiyetaka anaosha vikombe. Hilo liseme mapema unapomwalika mtu, kwa sababu Mjerumani ukimwita kwenye chakula kumbe ni ibada, humwoni tena. Na pambio za makofi zikome kabla ya saa nne usiku. Jirani wa chini hatanii.

Tulianza na Ruthu, sura 4 tu, habari za mgeni anayeokota masazo kwenye shamba la watu ili mama mkwe wake ale. Wageni wote pale mezani tulimwelewa bila mwalimu. Lakini kijana wa Kijerumani wa fizikia, asiyeamini chochote, ndiye aliyeuliza: na Orpa, yule mkamwana mwingine aliyerudi kwao, alikosa nini? Miaka yote ya shule ya Jumapili sijamsikia mtu akimtetea Orpa! Msabato akawahi kujibu: alirudi kwa miungu yake, imeandikwa. Wa Bukavu akasema Orpa naye alikuwa na mama, mlitaka amlee nani? Kuna dada wa Zanzibar, Mwislamu, huja na sambusa na onyo lake lilelile kwamba yeye anasikiliza hadithi tu, shahada yake ya Uislamu iko palepale. Akasema kwao anayerudi kumtazama mzazi haitwi msaliti. Sambusa zikaisha watu bado wanabishana, kila mmoja akisema habari za Orpa huku sote tukijua anasema habari zake.

Swali kama lile mimi nisingelitunga. Kwa hiyo usiwasubiri waumini watimie ndipo uanze. Waite hao wa darasani, chagua kitabu kifupi, na usikimbilie kujibu kila kitu. Tuliokulia kanisani tuna ugonjwa huo.

Jambo jingine hukuliuliza. Ukienda kujiandikisha ofisi ya mji, fomu itakuuliza dini. Ukiandika Mlutheri, siku utakapopata mshahara unaokatwa kodi, utakatwa na ya kanisa: huku Sachsen, jimbo lenye Leipzig, ni asilimia 9 ya ile kodi ya mapato, si ya mshahara wote. Mwanafunzi asiye na kipato cha kukatwa kodi halipi kitu. Wapo watakaokushauri uache wazi. Mimi niliandika. Wewe liamue ungali Moshi, usije ukaanza kutafakari imani yako mbele ya mama wa dirishani na foleni ndefu nyuma yako.