Re: Kujitolea kituo cha watoto nje kwa wiki mbili, inafaa?
Mkuu umeuliza kama wiki mbili zinatosha kujitolea kituo cha watoto nje ya nchi na utajuaje kituo ni cha kweli. Kukaa na watoto moja kwa moja wiki mbili ni chache mno, mtoto anakuzoea, anataka umbebe kila saa, halafu unapanda ndege unaondoka, wiki ijayo anakuja mgeni mwingine, yaani anaachwa tena na tena, inaumiza jamani. Na wengi wao sio yatima, wana mzazi hai, umaskini tu ndo umewafikisha pale, na vipo vituo vinakusanya watoto ili wageni waje na hela, ndo maana azimio la Baraza Kuu la UN la 2019 lilitaka nchi zizuie madhara ya programu hizi za kujitolea. Kituo kikikupokea bila kudai cheti cha polisi, au kikikuruhusu kutoka na mtoto peke yako, achana nacho. Waulize pia wamerudisha watoto wangapi kwa familia zao. Kama una ujuzi, mfano unesi au uhasibu, wafundishe wafanyakazi wa pale maana hao ndo wanabaki. Viza nayo uulizie mapema, nchi nyingi hazikubali ujitolee kwa viza ya utalii.