Barua za babu zikae pamoja

SWALI: Shikamoo Mama. Baada ya arobaini ya baba yetu tumefungua sanduku la bati la babu, aliyekuwa karani wa reli. Mna barua za kazi za Kiingereza zenye mihuri, na barua za nyumbani, nyingi za bibi, za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kaka anataka za kazi tuzitie laminesheni tumuuzie mtu anayekusanya vitu vya kale, na za bibi tuzichome kwa kuwa ni siri za nyumba. Tufanyeje? – *Mjukuu wa karani, Ujiji*

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Mwambie kaka aweke kiberiti chini kwanza.

Maisha yangu yote ya kazi nimekaa masjala na kwenye nyaraka hapa Tabora, na jambo ninalolililia kila nikiletewa sanduku la namna hii ni mpangilio wake. Kabla hamjachomoa hata karatasi moja, angalieni nini kimefungwa pamoja na nini, mpige picha, muandike. Karani aliyepewa barua ya uhamisho kutoka Kigoma kuja Tabora ndiye huyohuyo ambaye bibi yenu alimwandikia kumuuliza fedha za matumizi zimeishia wapi. Barua ya bibi huenda haina tarehe. Mkiikuta kwenye uzi mmoja na ile ya uhamisho, mnaanza kuelewa iliandikwa lini na kwa sababu gani. Mkizitenga, ya ofisini inabaki amri tu, na ya bibi inabaki malalamiko yasiyo na chanzo.

Bahasha nazo msitupe hata moja. Hapohapo kwenu Ujiji, mwaka 1871, mwandishi wa habari Stanley alimkabidhi mmisionari na msafiri Livingstone mfuko wa barua ulioandikwa kwa nje tarehe 1 Novemba 1870. Mfuko ulitoka Zanzibar, ukachelewa pwani, ukachelewa tena Unyanyembe, huku kwetu, hadi Stanley alipoubeba. Kama angetoa barua na kuutupa mfuko, nani angejua leo kwamba mzee yule alisubiri mwaka mzima?

Barua isiyo na tarehe ina njia nyingine za kujieleza. Tazameni kichwa cha karatasi. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, wakati wa Wajerumani. Waingereza wakaiendesha kama Reli ya Tanganyika. Mwaka 1948 ikaunganishwa kuwa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Shirika la Reli Tanzania likaja 1977. Tazameni na stempu. Zenye majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja zilianza 1935. Ikiwa na sura ya Malkia Elizabeth akiwa malkia, basi ni ya 1952 au baadaye.

Laminesheni hapana, tafadhali. Moto wake unaipika karatasi, na plastiki ikishagandamana hakuna fundi wa kuibandua bila kuichana barua. Selotepu pia hapana: gundi yake hugeuka kahawia na kula wino. Ondoeni pini na klipu zenye kutu taratibu, bila kulazimisha. Kila fungu litieni kwenye bahasha ya karatasi, mwandike juu yake kwa penseli, kabla hamjatia barua ndani. Mifuko ya nailoni iacheni. Kwa unyevu wa ziwa mlio nao, masika mtakuta ukungu. Sanduku likae juu ya meza au rafu, mbali na ukuta, maana mchwa hupandia ukutani. Barua iliyofifia msiikolezee kwa kalamu. Livingstone alipoishiwa karatasi kule Nyangwe, Kongo ya leo, mwaka 1871 aliandika kumbukumbu zake juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mmea. Maandishi yakafifia mno, lakini wataalamu waliyapiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, na mwaka 2011 yakatolewa yakisomeka. Yangekuwa yamepitiwa kwa kalamu ya mtu mwingine, tungekuwa tunamsoma huyo mtu mwingine.

Za bibi tafuteni mzee aliyesoma chuo cha Kurani awasomee kwa sauti, ninyi mrekodi kwa simu. Asiwe mjuzi wa Kiarabu pekee. Waandishi wengi wa zamani waliandika *p* kwa herufi ya *b*, na *e* na *i* kwa alama moja, hivyo anayeijua lahaja ya Ujiji ndiye atakayesikia bibi alikusudia nini.

Kuhusu kuuza, mimi nakataa waziwazi. Huyo mnunuzi atachukua yenye mihuri mizuri na kuziacha nyingine ziozee kwenu. Barua alizoandikiwa babu ni za familia; mkikuta jalada zima la ofisi, hilo ni mali ya umma, lirudisheni. Mkiona sanduku limewashinda, zungumzeni na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, au maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako wanahifadhi miswada ya Kiswahili ya herufi za Kiarabu. Siri za nyumba zina dawa yake: kubalianeni kwa maandishi kwamba fungu la bibi lisifunguliwe kwa wasomaji hadi miaka mtakayotaja. Hata nyaraka za serikali hufungwa kwanza. Bibi alijitahidi kuandika, mwanangu. Msimnyamazishe.

SWALI: Mama, nimetembelea tembe la Livingstone pale Kwihara. Barua zake halisi ziko wapi? – *Mwalimu, Tabora*

JIBU: Nyingi ziko Uskoti, katika Maktaba ya Taifa mjini Edinburgh na kwenye makumbusho ya Blantyre alikozaliwa. Nyaraka za Stanley ziko Tervuren, Ubelgiji. Safari si lazima, mwalimu: picha za barua nyingi za Livingstone zinasomwa bure kwenye intaneti katika mkusanyo uitwao Livingstone Online. Ukifika humo na wanafunzi wako, anza na Jacob Wainwright, Mwafrika aliyekuwa miongoni mwa waliopita Kwihara mwaka 1873 wakiubeba mwili wa Livingstone kwenda pwani. Aliandika kumbukumbu ya safari kwa mkono wake mwenyewe, na wengi wanaopiga picha mbele ya tembe hawajawahi kumsikia.