Ukiwasha maiki, taja namba kwanza

Kama mnacheza PUBG Mobile au Free Fire, ile michezo ya simu ya kupigana risasi, kwa timu ya watu wanne na maiki zote mmezima, mnajinyima silaha ambayo wenzenu wanaitumia kila siku. Alama za kwenye ramani zinasaidia, lakini alama haiwezi kukwambia kwamba adui kabakiza damu kidogo na anajitibu nyuma ya ukuta. Mwenzako anakwambia hayo kwa sekunde mbili.

Timu yetu imetawanyika. Mimi nipo Shangani hapa Mtwara, mmoja yuko Mikindani, mwingine Newala, wa nne Lindi Mjini. Tunachokizingatia kuliko chochote ni namna ya kutoa taarifa. "Yupo pale! Pale kwenye mti!" haimsaidii mtu, maana pale pako si pale pangu. Kwenye PUBG Mobile, juu ya skrini kuna dira yenye namba. Taja namba, halafu umbali, halafu wako wangapi na wamejificha wapi: "Mia sitini na tano, mita mia, wawili, nyuma ya jiwe." Namba inatangulia kwa sababu mwenzako akiisikia tu anaanza kugeuka, na hayo mengine yanamkuta tayari anatazama upande huo. Ila mkiwa mmeachana mbali, namba yako haimfai aliye kilima cha pili. Hapo weka alama kwenye ramani kwanza, ndipo useme.

Ukiangushwa, hasira zinapanda, naelewa. Sema aliyekupiga yuko wapi na umemjeruhi kiasi gani, kisha nyamaza. Waliobaki wanategemea kusikia nyayo, na lawama zako masikioni mwao zinazifunika kabisa. Mechi nyingi tulizowahi kugeuza zikiwa zimeshatuponyoka, tuligeuza kwa sababu waliokufa walikaa kimya.

Vifaa: tumia earphone za waya. Za Bluetooth huchelewesha sauti, na nyingi zikiwashwa maiki hushusha ubora wa sauti unayoisikia, ikawa kama ya redio ya mkulima. Nyayo hutazisikia. Pia weka maiki ya kubonyeza ndipo uongee. Nyumba zetu nyingi ni za bati, na mvua ya Januari ikianza kupiga, maiki iliyoachwa wazi inawamwagia wenzako kelele yote ya paa.

Kuhusu bando, wengi wanaogopa bure. Chaneli ya kawaida ya sauti kwenye Discord, programu ya kuongea kwa kikundi, hutumia kilobiti 64 kwa sekunde, yaani kama MB 29 kwa saa nzima ya mtu mmoja kuongea bila kupumzika. Kinachoumiza ni mtandao kuyumba. Mei 2024, mikongo ya intaneti ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, taarifa ya "yuko ngazini" ilikuwa inafika adui keshaingia chumbani. Mtandao ukiwa hivyo, zimeni sauti na mtumie alama tu. Taarifa iliyochelewa inapoteza watu kuliko ukimya.

Mkichanganywa na msiowajua, hakikisha maiki na spika vyote vimewekwa kwa timu peke yake. PUBG Mobile ina uchaguzi wa kuongea na wote, na ukiuacha hapo adui aliye karibu anasikia mipango yenu. Mtu akianza matusi, gusa alama ya spika kwenye jina lake umzime. Dada zetu wengi wanacheza kimya, kwa sababu ikisikika tu sauti ya kike, matusi na kuombwa namba ya simu vinaanza. Ukiwa kwenye timu hiyo usijifanye hujasikia: mkanye huyo mtu, mripoti mechi ikiisha, na umwalike dada huyo mechi inayofuata.

Na kama una mdogo wako anayecheza, kaa naye umwoneshe vitufe hivyo mwenyewe. Mwambie jina la shule, mtaa na namba ya simu ya mama havitajwi kwenye maiki, hata anayeuliza akiwa anaongea Kiswahili kizuri na kumwita mdogo wangu.