Jibu: Runinga yangu ya mtandaoni Tanga, watazamaji wapo ila michango haiji

Salaam ndugu. Umesema hapo Ngamiani mnatazamwa sana, lakini ukiomba mchango, kimya. Kwanza leseni ya maudhui ya mtandaoni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kama huna, usiombe hata shilingi. Halafu angalia unaomba saa ngapi. Sisi kwenye runinga yetu tulikuwa tunaomba mwisho wa kipindi, watu washaondoka. Tukahamishia katikati, mara baada ya habari ya maji kukatika mtaani, lipa namba ya kutumia pesa kwa simu ikiwa kwenye skrini. Elfu moja kwa mtazamaji kwa mwezi yatosha, ila soma hewani imekwenda wapi: bando, bodaboda, taa. Free Speech TV ya Marekani, iliyoanza 1995, inaishi kwa michango ya watazamaji na haioni haya kuomba. Mfadhili mmoja mkubwa? Wetu alitaka kutuchagulia habari, tukaachana naye tukabaki na kamera moja.