Barua kwa mwanangu: Aliyeshindwa anatafuta nini kwenye kombe?

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu, sisi huku Sydney hatujambo, na mamako amefurahi mno kusikia goti lako limepona. Umeniuliza kuhusu kombe la ligi ya raga ya huku uliloliona kwenye runinga, lile lenye sanamu ya wanaume wawili wamekumbatiana, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Unataka kujua ni akina nani, na kwa nini aliyeshindwa naye awekwe kwenye kombe, wakati nyinyi mlipopoteza fainali ya vyuo hakuna aliyejali hata kuwapiga picha. Nakujibu kwa urefu, maana kisa hiki nakipenda.

Mrefu ni Norm Provan, nahodha na kocha wa St George. Mfupi ni Arthur Summons, nahodha wa Western Suburbs, ambayo watu huiita Wests. Aliyeshinda ni Provan. Ilikuwa msimu wa 1963, wakati ligi hii ilikuwa bado ya jiji, na timu zote 10 zilikuwa za mitaa ya Sydney: Balmain, Newtown, Parramatta, Manly na nyinginezo. Wachezaji walikuwa na kazi zao za kila siku. Mtu alishinda kazini, jioni akaenda mazoezini.

Kumbuka kwamba hii si raga yako ya wachezaji 15. Hii ni ya 13, na aliyekabwa akaanguka huinuka, akaurudisha mpira nyuma kwa mguu, mchezo ukaendelea. Siku hizi timu ikishakabwa mara sita hutoa mpira. Mwaka 1963 hapakuwa na kikomo. Timu yenye mafowadi, yaani wachezaji wa mbele, wenye nguvu ingeweza kuushika mpira dakika baada ya dakika, mpinzani akabaki kukaba tu mpaka pumzi imwishie. Trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani, ilikuwa pointi 3, si 4 kama sasa, kwa hiyo mabao yalikuwa machache na kila kosa lilikuwa ghali.

St George walifaidi sheria hiyo kuliko timu yoyote. Walitwaa ubingwa mwaka 1956 na hawakuuachia mpaka baada ya 1966: misimu 11 mfululizo. Provan alicheza fainali 10 za mwanzo na akashinda zote. Nyuma yake alikuwa na Reg Gasnier, Johnny Raper na Ian Walsh, na mwaka huohuo wa 1963 akaongezeka Graeme Langlands kutoka Wollongong. Ukiwatazama kwenye filamu za zamani, unaweza kudhani wapinzani wao walikuja uwanjani kutimiza ratiba tu.

Wests hawakuja kutimiza ratiba. Walikuwa wamefungwa na St George hao hao kwenye fainali ya 1961, 22 kwa 0, na tena ya 1962, 9 kwa 6. Tazama walivyokuwa wakiwakaribia. Mwaka 1963 wakawafunga kwenye nusu fainali kubwa, 10 kwa 8. Lakini utaratibu wa wakati ule ulimpa aliyepoteza mechi hiyo nafasi ya pili, St George wakapitia mlango huo na kurudi. Wests wakawakuta tena mbele yao kwenye fainali.

Fainali ilichezwa Jumamosi, 24 Agosti, kwenye uwanja wa kriketi wa Sydney, mbele ya mashabiki 69,860. Mvua ilikuwa imenyesha, na katikati ya uwanja, pale penye udongo wa pitchi ya kriketi, palikuwa tope tupu. St George huvaa jezi nyeupe yenye V nyekundu, Wests huvaa nyeusi yenye V nyeupe. Kabla ya kipenga cha mwisho rangi hizo hazikuonekana tena. Wote walikuwa watu wa udongo.

Matokeo: St George 8, Wests 3. Trai inayozungumzwa hadi leo ni ya Johnny King. Alikabwa na Don Parish, akaenda chini, na wachezaji wa Wests wakalegea wakingoja ainuke aurudishe mpira kwa mguu kama kawaida. Refa aliona hajashikwa sawasawa, akaacha mchezo uendelee. King akainuka na mpira wake, akakimbia, akafunga. Watu wa Wests wamelalamika kwa miaka mingi, na maneno makali yamesemwa juu ya refa yule. Hayo siyarudii, kwa sababu anayesemwa hayupo kujitetea. Nitakuambia tu kwamba ukicheza mchezo ambao kila siku aliyeanguka huinuka kurudisha mpira, mwili wako hujifunza kusubiri, na siku moja kusubiri huko kunakugharimu ubingwa. Mimi kama mtu wa Wests roho yangu inaniuma kwa trai hiyo, na hata nilikuwa sijafika nchi hii.

Kipenga kilipolia, Provan na Summons walikutana katikati ya tope. Mpiga picha wa gazeti la Sun-Herald, John O'Gready, akafyatua kamera. Tafuta picha yenyewe uitazame, usiitazame sanamu peke yake. Provan, mtu wa futi sita na ushee, ameinama. Summons, ambaye kichwa chake kinamfikia kifuani, ameinua uso. Nyuso zote mbili zimepakwa tope hata macho ni shida kuyaona. Picha ikatoka gazetini, ikapewa jina la Magladieta, wale wapiganaji wa Roma ya kale, na watu wakaisoma kuwa picha ya urafiki: mkubwa na mdogo, mshindi na mshindwa, wameyamaliza.

Hawakuwa wameyamaliza. Summons mwenyewe alieleza baadaye kwamba Provan alitaka wabadilishane jezi, naye akakataa. Alikuwa na hasira, akiamini wamedhulumiwa. Wahenga wetu walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na wapo ambao wangemtupia methali hiyo. Mimi simtupii. Alikataa jezi, lakini hakukataa kusimama. Angeweza kuingia vyumbani moja kwa moja. Alibaki palepale, akamtazama yule mtu usoni huku uchungu wake ukiwa mbichi. Ndiyo sababu naona anastahili kuwa kwenye kombe sawa na Provan, na sipendi watu wanapomtia tabasamu ambalo hakuwa nalo.

Jambo lingine litakalokufurahisha: Summons alianzia kwenye raga yako ya 15, akaichezea timu ya taifa ya Australia kabla ya kuhamia hii ya 13. Zamani hizo kuhama kulikuwa kama kukana ukoo. Ukienda, huwezi kurudi. Na baada ya fainali ile hakupata muda wa kununa, kwa sababu ndiye aliyeiongoza Australia kwenda Uingereza kama nahodha na kocha, akiwa na Gasnier, Raper, Langlands na Walsh, watu walewale waliomnyang'anya ubingwa. Kwenye mechi ya Swinton, hukohuko Uingereza, mwezi Novemba Summons alikuwa majeruhi, Walsh wa St George akashika unahodha kwa niaba yake. Waliwachabanga Waingereza 50 kwa 12, na huo ukawa msafara wa kwanza wa Waaustralia peke yao kushinda mfululizo wa mechi dhidi ya Waingereza kwenye ardhi ya Uingereza.

Mwaka 1982 picha ya O'Gready ikageuzwa sanamu ya kombe. Kwa hiyo wazee hao wawili wakawa wanaitwa pamoja kwenye hafla mwaka baada ya mwaka, na urafiki ambao watu waliudhania tangu 1963 ukaja kweli, taratibu. Tangu 2013 kombe lina majina yao, Provan na Summons. Summons alifariki mwaka 2020, Provan akamfuata mwaka uliofuata.

Wests hawakuwahi kutwaa tena ubingwa wakiwa peke yao. Wa mwisho ulikuwa wa 1952. Baadaye waliungana na Balmain, na timu hiyo ya muungano ikashinda mwaka 2005.

Uwanja wao wa enzi za Summons, Pratten Park, bado upo hapa Ashfield. Unasema utakuja Desemba, lakini Desemba huku ni kriketi. Kama likizo yako inasogezeka, njoo kati ya Machi na Septemba ili uione raga yenyewe. Niambie mapema nitafute tiketi.

Babako