Makabati ya jiko la mita 3 kwa 2.4: MDF au marine board, na mtungi wa gesi ukae wapi?

Dada, chini ya sinki usiweke MDF ya kawaida (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) hata kidogo. Maji yakipenya kwenye ukingo usiozibwa, inavimba na hairudi tena. Makabati yote ya chini yawe ya marine board (plywood inayostahimili maji) ya mm 18. MDF ibaki kwenye makabati ya juu. Ya chini yasimame kwenye miguu ya plastiki ya sm 10 ili maji ya deki yasiguse mbao. Mafundi wengi huruka hatua hii.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni. Mtungi ukae nje, kwenye kizimba chenye kivuli na matundu. Ukilazimika kuuweka kabatini, toboa matundu usawa wa sakafu, si juu peke yake, na humo pasiwe na soketi. Pima mtungi wako pamoja na regyuleta kabla kabati halijakatwa.

Kaunta: kina sm 60, kimo sm 90, au 85 kama mpishi ni mfupi. Umbo la L linakutosha. Makabati pande zote mbili yatakubania ukifungua friji.

Mabomba na nyaya zitangulie vigae. Seremala apime baada ya plasta na vigae, asitegemee ramani: kuta zetu hazinyooki, kwa hiyo apime upana sehemu tatu na afuate kipimo kidogo kuliko vyote. Pengo linalobaki linafunikwa na kipande cha pembeni.

Kama uko karibu na bahari, bawaba ziwe za chuma cha pua. Za bei rahisi zitashika kutu mapema.