Wanafunzi 74 wamejibu "Sijui": nifanye nini?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari nchini Tanzania na ninasomea shahada ya uzamili. Nimegawa dodoso kwa wanafunzi 312 wa kidato cha pili. Katika swali la kiwango cha elimu ya baba, wanafunzi 74 wameweka alama kwenye "Sijui". Kwa mama ni 29. Kijana wa stesheneri anayechakata data anasema pengo hilo hujazwa kwa wastani, na kwamba safari nyingine nisiweke kabisa kisanduku cha "Sijui". Je, nifuate ushauri wake?

Jibu: Hapana, Mwalimu, usiufuate, na nafurahi kwamba umeuliza kabla ya maji kumwagika, kwa sababu wengi huniletea jambo hili wakati tasnifu imeshafungwa jalada.

Tuanze na huo wastani. Bila shaka umetoa namba 1 kwa asiyesoma, 2 kwa elimu ya msingi, 3 kwa sekondari, 4 kwa cheti au stashahada na 5 kwa chuo kikuu. Namba hizo ni ngazi, si kilo wala mita, na hakuna anayejua kama umbali wa kutoka 1 hadi 2 ni sawa na ule wa kutoka 4 hadi 5. Tuseme wastani wako unakuja 2.6. Baba wa 2.6 aliishia wapi, nje ya lango la sekondari? Kijana wako atakadiria iwe 3, na jioni hiyo hiyo akina baba 74 watakuwa wamepewa elimu ya sekondari ambayo pengine wengi wao hawakuipata, huku uhusiano unaoutafuta kati ya elimu ya baba na alama za mtoto ukipindishwa na wewe mwenyewe.

Kosa linaloniudhi zaidi, hata hivyo, ni lile linalotangulia hesabu, yaani imani kwamba "Sijui" ni tundu katika data. "Sijui" ni jibu. Tazama tofauti ya namba zako: waliokosa kujua elimu ya baba ni zaidi ya mara mbili ya waliokosa kujua ya mama, na bahati haigawi hivyo. Kuna mtoto anayelelewa na bibi, kuna ambaye baba alifariki mapema, kuna ambaye baba yuko mgodini na hupiga simu mara moja kwa mwezi. Ukiwajaza kwa wastani umewafuta, na ukiwaondoa kwenye uchambuzi umebaki na sampuli ya watoto wanaojua elimu ya baba zao, kisha ukaandika juu yake "wanafunzi wa kidato cha pili". Wapo pia wanaoliandika jibu hilo kuwa 1, yaani baba hakusoma, na kwa hao sina la kusema.

Kuondoa kisanduku ni kubaya zaidi, kwa kuwa mtoto asiyejua atabahatisha, na ubahatishaji hauachi alama yoyote kwenye karatasi. Nikisimamia dodoso katika shule moja ya kata, msichana alinyoosha mkono akauliza amweke wapi mama yake, ambaye alimaliza darasa la saba, akajifunza ushonaji VETA, kisha akafanya QT, mtihani wa kufuzu kwa watahiniwa wa kujitegemea, lakini hakufika kwenye mtihani wa kidato cha nne. Kati ya visanduku vile hakukuwa na kinachomfaa. Akaweka alama kwenye "Sekondari", na jirani yake wa dawati, aliyekuwa akimchungulia, naye akaweka hapo hapo.

Kwa hiyo, wabakize hao 74 kama kundi linalojitegemea katika majedwali yako, kisha linganisha alama zao na za wenzao, na pia watu wanaoishi nao kama uliwauliza. Kama shule itaruhusu na wazazi wakiridhia, wapelekee wazazi wa wanafunzi 50 au 60, waliochaguliwa kwa nasibu kutoka orodha nzima, karatasi fupi yenye swali lile lile, na upime ulinganifu kwa kappa ya Cohen, kipimo kinachotoa kwanza maafikiano ya bahati tu, badala ya asilimia tupu, maana pale ambapo wazazi wengi waliishia darasa la saba, baba na mtoto wataafikiana sana hata kwa kubahatisha. Katika dodoso lijalo uliza kwanza mtoto anaishi na nani, uliza elimu ya kila mlezi peke yake, na utumie ngazi ambazo watu wanazitaja: darasa la nne, la saba, kidato cha nne, cha sita. Babu aliyesoma kabla ya Elimu ya Msingi kwa Wote ya mwaka 1977 huenda alimaliza darasa la nane la zamani, na kisanduku chake hakipo.

Tangu ripoti ya mwanasosholojia James Coleman ya mwaka 1966 nchini Marekani, iliyoonyesha uzito wa hali ya nyumbani katika ufaulu, jedwali la elimu ya wazazi limekuwa kama chumvi katika tasnifu za elimu, na watu hulitia bila kuonja. Hata PISA, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi, inayowauliza wanafunzi wa miaka 15 kuhusu elimu ya wazazi wao, ina dodoso la wazazi kwa nchi zinazolitaka. Njia halali za kujaza mapengo zipo, kama ile ya mtakwimu Donald Rubin ya kujaza mara nyingi kwa thamani tofauti ili shaka ibaki ikionekana katika matokeo, lakini hiyo hudai taarifa nzuri kuhusu mtoto na mtu anayejua anachokifanya. Haifanyiki kwa dakika tano kwenye duka la fotokopi lililobandika tangazo la SPSS, programu ya kuchambua takwimu, kando ya bei ya kuunganisha vitabu. Wenye maduka hayo hawakai mbele ya jopo la watahini. Utakaa wewe, na swali la kwanza litakuwa ulizipataje namba za wale 74.